Kukabidhi Uchungaji kwa Mrithi: Mwongozo kwa Kiongozi wa Kanisa Anayeng'atuka

Mchungaji anayekaribia kuondoka madarakani huulizwa na watu wake maswali mawili: anaondoka lini, na nani anakuja badala yake. Maswali hayo yana uzito wake, lakini ni nadra usharika kuvunjika kwa sababu ya majibu yake. Huvunjika kwa mambo ambayo hayatajwi katika ibada ya kuaga: nani anaendelea kuwa mtia saini wa akaunti ya benki, hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani, mama aliyefiwa na mumewe usiku wa manane anampigia nani simu, na mzee wa kanisa asiyeridhika na uamuzi wa mchungaji mpya anakwenda kulalamika sebuleni kwa nani. Unyenyekevu wa anayekabidhi hupimwa katika mambo hayo. Mwongozo huu unamlenga mchungaji wa usharika au wa kanisa la mahali pamoja, ingawa askofu, paroko, mwinjilisti wa mtaa na kiongozi wa huduma ya maombi wataona kwamba mengi yanawahusu na wao.

Ni vyema kutofautisha hali mbili tangu mwanzo. Katika makanisa yenye katiba na ngazi za uongozi, kama vile ya Kilutheri, ya Kianglikana, ya Kimoraviani na Kanisa Katoliki, anayeondoka kwa kawaida si yeye anayemchagua anayekuja. Barua hutoka juu, au vikao husika huketi na kuamua. Kazi yake ni kuandaa watu, kutengeneza mambo na kupisha. Katika makanisa yaliyoanzishwa na mtu mmoja, ambayo ni mengi sana katika miji yetu, mwanzilishi mara nyingi ndiye mwenye sauti ya mwisho katika kila jambo, hata katika kumchagua mrithi wake, na kwa hiyo majaribu yake ni makubwa zaidi. Pale mwongozo huu unaposema kwa ukali kidogo, unamkusudia zaidi huyu wa pili, kwa sababu hakuna chombo kitakachomlazimisha kufanya lililo jema. Atalifanya kwa hiari au halitafanyika.

Kupanga wakati, na kusema ukweli kuhusu mahitaji yako

Kanisa Katoliki limeliweka jambo la wakati katika sheria zake: askofu au paroko anapotimiza umri wa miaka 75 anaombwa kuwasilisha maombi ya kung'atuka. Makanisa mengine mengi yenye katiba nayo yameweka umri wa kustaafu. Faida kubwa ya sheria za namna hii ni kwamba zinamwondolea kiongozi mzigo wa kuwa hakimu wa nguvu zake mwenyewe. Pale ambapo hakuna sheria, jiwekee tarehe, uitaje mbele ya baraza la wazee, na uombe iandikwe katika muhtasari wa kikao. Tarehe iliyobaki moyoni huahirishwa kila mwaka: mwaka huu kwa sababu ya ujenzi wa jengo la ibada, mwaka ujao kwa sababu ya deni la ujenzi huohuo.

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinafungua na habari ambayo kila kiongozi mzee angeisoma kwa makini. Daudi amechoka, yumo chumbani, na hajasema hadharani ni nani atakayeketi kitini pake. Adonia mwanawe anautumia ukimya huo: anajitwalia magari na wapanda farasi, anawavuta upande wake Yoabu mkuu wa jeshi na Abiathari kuhani, anafanya karamu na kujiita mfalme. Nathani na Bathsheba walilazimika kuingia chumbani kwa mzee ili atamke jina la Sulemani. Ingetosha Daudi kusema mapema na mbele ya watu, na nyumba yake isingegawanyika kwa namna ile.

Hata hivyo, wachungaji wengi hawachelewi kwa kupenda cheo. Wanachelewa kwa sababu hawajui watakula nini. Mtu ameishi miaka 30 katika nyumba ya kanisa, hana kiwanja, hakuwahi kuchangiwa katika mfuko wowote wa pensheni, na sadaka za washirika ndizo zilizosomesha watoto wake. Hofu yake ni ya haki kabisa, lakini kwa kuwa anaona haya kuisema, inatoka ikiwa imevaa lugha ya kiroho: "Mungu bado hajanena nami kuhusu kuondoka." Nasihi yangu ni kuitenganisha hofu hiyo na sauti ya Mungu kwa kuisema waziwazi mbele ya wazee. Si kukosa imani kuuliza utaishi wapi.

Yatakayokubaliwa yaandikwe: utahama lini kutoka nyumba ya mchungaji, kanisa litakusaidia kiasi gani kwa mwezi na hadi lini, bima ya afya yako na ya mwenzi wako italipwa na nani, na fedha hizo zinatoka katika fungu lipi la bajeti. Msisitizo mkubwa uwe katika hilo la mwisho. Msaada wako upitishwe na baraza na kulipwa na mtunza hazina kama malipo mengine yote, usiachwe katika hiari ya mchungaji mpya. Akiwa yeye ndiye anayeamua kila mwezi kama utapata au hutapata, atakuwa mlipaji wako nawe utakuwa mdai wake, na hapo hamtaweza tena kusemezana kama ndugu katika huduma.

Mrithi si mali yako

Musa alipoambiwa kwamba hatavuka Yordani, jambo la kwanza alilomwomba Bwana, kwa mujibu wa Hesabu 27, lilikuwa mtu wa kuwasimamia watu ili wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Hakupeleka jina. Alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri, na wala hawatajwi katika habari ile. Aliyeteuliwa ni Yoshua mwana wa Nuni, wa kabila la Efraimu, ambaye hakuwa hata wa kabila la Musa la Lawi, lakini alikuwa amemtumikia tangu ujana wake. Kinyume chake ni Samweli, ambaye uzeeni aliwaweka wanawe Yoeli na Abiya kuwa waamuzi. Walipokea rushwa na kupotosha hukumu, na udhaifu wao ukawa sababu iliyotajwa na wazee wa Israeli walipokuja kudai mfalme. Samweli mwenyewe alikuwa mtu mwadilifu. Uadilifu wake haukurithiwa pamoja na kiti.

Kwa hiyo omba kabla ya kuwa na jina, na uombe pamoja na wengine. Kama katiba yenu inakupa nafasi ya kupendekeza, pendekeza, kisha toka nje ya chumba wakati wazee wanajadili, maana mbele yako hawatasema yote. Wasikilize hasa wale ambao kwa kawaida hawaulizwi: viongozi wa umoja wa wanawake, walimu wa watoto, vijana wa kwaya. Hao wamemwona mtu huyo akifanya kazi isiyo na sifa.

Kama aliye machoni pa watu ni mwanao, usimnyime kwa sababu hiyo tu, wala usimpitishe kwa sababu hiyo. Akatumike kwanza mahali pengine chini ya mchungaji mwingine, kwa miaka ya kutosha kujulikana pasipo kivuli chako. Apimwe na watu wasio na undugu nanyi. Na uamuzi wa mwisho usiwe na kura yako wala ya mama yake. Ikiwa wito wake ni wa kweli, utaonekana na kuthibitishwa huko pia.

Jihadhari vilevile na mtego wa kutafuta anayefanana nawe. Mchungaji aliyejaliwa kuhubiri huvutwa na kijana mhubiri, naye mjenzi huvutwa na mjenzi, wakati pengine usharika baada ya miaka 20 ya ujenzi unahitaji mtu wa kutembelea wagonjwa na kupatanisha koo zilizogombana. Paulo aliwaandikia Wakorintho: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu." Apolo hakuwa Paulo wa pili, na Paulo hakulalamika.

Kumwandaa mbele ya watu: Augustino na Heraklio

Kisa kimoja cha Afrika chafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu maneno yaliyosemwa siku ile yaliandikwa na makarani wa kanisa na yamehifadhiwa hadi leo. Tarehe 26 Septemba 426, katika Kanisa la Amani mjini Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba nchini Algeria, Askofu Augustino, akiwa na umri wa miaka 71, aliwatangazia watu kwamba anataka padre Heraklio awe mrithi wake. Watu walishangilia, na makarani waliandika hata idadi ya mara walizopaza sauti kwa kila sifa.

Lililo na maana kwetu ni sababu zake. Alieleza kwamba hivi karibuni alikuwa ameitwa katika mji wa Milevi baada ya kifo cha Askofu Severo. Severo alikuwa amemteua mrithi wake akiwa hai, lakini aliona inatosha kuwaambia mapadre, hakulisema jambo hilo kwa watu wote. Matokeo yake baadhi ya watu walihuzunika, na ilibidi Augustino aende kuwatuliza. Hakutaka Hippo ipitie hayo. Ndiyo maana alisema mbele ya kanisa zima, akataka iandikwe, na akawaomba waliohudhuria watie saini zao. Mchungaji anayewanong'oneza wazee watatu jina la mrithi na kuwaachia wengine wakisie anarudia kosa la Milevi.

Jambo la pili ni mpaka aliojiwekea. Yeye mwenyewe alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu pamoja na mzee Valerio wakati Valerio angali hai, na baadaye ikaja kujulikana kwamba Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulikataza mji mmoja kuwa na maaskofu wawili. Alikiri hadharani kwamba hakuwa na habari ya katazo hilo wakati ule, na kwamba lililolaumiwa kwake hataki lilaumiwe kwa Heraklio. Basi Heraklio aliendelea kuwa padre, lakini akapewa kazi. Hapo zamani watu walikuwa wamekubali kumwachia Augustino siku tano katika juma kwa ajili ya Maandiko, na makubaliano hayo yalivunjwa baada ya muda mfupi, watu wakamrudia na kesi zao asubuhi na jioni. Sasa aliwaomba wazipeleke kesi hizo kwa Heraklio, akaahidi kwamba ushauri ukihitajika hataunyima.

Yapo pia mahubiri ambayo Heraklio aliyatoa huku Augustino ameketi akisikiliza. Kijana anajifananisha na nyenje anayelia wakati bata-maji amenyamaza. Mtu ambaye maneno yake yalisomwa kote katika dunia ya Kirumi alikaa kimya kanisani mwake akamsikiliza padre wake akihubiri kwa kutetemeka. Ukitaka kujua kama uko tayari kukabidhi, keti benchi la mbele mrithi wako anapohubiri, usikilize hadi mwisho, usikunje uso anapokosea rejea ya mstari, na baada ya ibada usisimame kufafanua alichokusudia kusema.

Utaratibu wa kuwa na mwandamizi, yaani mrithi aliyeteuliwa anayetumika pamoja na kiongozi aliyepo hadi atakapompokea, unaendelea kutumika. Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilipewa Askofu Mkuu Mwandamizi, Yuda Thaddeus Ruwa'ichi, mwaka 2018, naye akapokea uongozi kutoka kwa Kardinali Polycarp Pengo mwezi Agosti 2019. Mwaka mmoja hivi wa kutumika pamoja ni kipimo kizuri hata kwa usharika mdogo: unatosha kupita Krismasi moja, Pasaka moja, msimu wa mavuno na kikao kimoja cha bajeti, na si mrefu kiasi cha kuwachosha watu kwa kuwa na vichwa viwili.

Katika mwaka huo mpe kazi zenye uzito, usimpe masalia. Mwachie mazishi ya mtu anayejulikana. Mwachie ndoa ambayo familia mbili hazielewani kuhusu mahari. Mwache aongoze kikao cha bajeti, nawe uketi pembeni kama mjumbe. Bwana alimwambia Musa aweke juu ya Yoshua sehemu ya heshima yake ili mkutano wapate kumtii, na heshima haigawiwi kwa tamko la siku moja. Watu huiona ikigawiwa pale wanapokuja kwako na jambo nawe unasema, "Hilo ni la Mchungaji fulani, nendeni kwake," kisha hujiulizi tena liliishaje. Akikosea, mrekebishe ofisini mkiwa wawili. Ukimrekebisha mbele ya wazee mara moja tu, utakuwa umewafundisha namna ya kumtendea utakapoondoka.

Meza ya makabidhiano

Fikiri meza ya ofisi ya usharika siku ya makabidhiano. Juu yake pana rejista ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya maziko, jalada lake limekatika uti na kushikizwa kwa gundi ya karatasi. Pana muhuri na kidau cha wino. Pana vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika, na rundo la funguo ambazo kila moja imefungwa kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu: stoo, vyombo vya kwaya, jenereta. Mchungaji anayeondoka anakitaja kila kitu, katibu anaandika, mtunza hazina na wazee wawili wanashuhudia, na mwishoni wote wanatia saini nakala ambazo moja hubaki kwenye jalada la kanisa. Wapo watakaoona jambo hili ni la kiofisi mno kwa watumishi wa Mungu. Samweli hakuliona hivyo. Katika 1 Samweli 12 alisimama mbele ya Israeli wote, mbele ya mfalme mpya, akauliza ametwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani na amepokea rushwa mkononi mwa nani. Alitoa hesabu kabla hajaombwa.

Lililo gumu zaidi ni mali. Hati ya kiwanja iwe kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa. Kama ilinunuliwa kwa jina lako wakati kanisa lilipokuwa likikutana chini ya mwembe, anza kuibadilisha tangu siku unayotaja tarehe ya kuondoka, kwa maana shughuli za ardhi huchukua muda mrefu na warithi wako wa damu hawana budi kujua ukiwa hai kwamba kiwanja kile si chao. Jina lako liondolewe kwenye orodha ya watia saini benki wiki ileile ya makabidhiano. Namba ya simu inayopokea sadaka iwe ya kanisa, isiwe laini yako. Kundi la WhatsApp la washirika na ukurasa wa kanisa mtandaoni vipewe wasimamizi wapya, nawe ujiondoe katika usimamizi. Nenosiri lililobaki kwako ni ufunguo ambao hukuukabidhi.

Yasiyo na karatasi yaandikwe pia. Orodhesha ahadi ulizotoa kwa mdomo: yatima ambaye kanisa linamlipia ada, fundi ambaye hajamaliziwa fedha yake ya mabati, mshirika uliyemwambia kwamba ataingizwa katika baraza uchaguzi ujao. Eleza kesi za nidhamu zilizo wazi na hatua zilipofikia, na ndoa ambazo matangazo yake yameanza kusomwa. Madeni yatajwe yote, hata yale yanayokuaibisha. Mrithi akiligundua deni mwezi wa tatu kupitia kwa mdai aliyesimama mlangoni, ataacha kuamini na mengine yote uliyomwambia.

Kitu kimoja hakikabidhiwi, nacho ni siri za watu. Aliyekuja kutubu kwako alikuja kwako. Unapoona kwamba mtu anahitaji kuendelea kusaidiwa, mwendee yeye mwenyewe umwambie kwamba mchungaji mpya ni mtu wa kuaminiwa na umuulize kama angependa uwakutanishe. Akikataa, nyamaza. Vilevile usimwachie mrithi orodha ya watu wa kujihadhari nao. Daudi alimwachia Sulemani mpango wa hekalu na dhahabu tele, na hilo lilikuwa jema. Lakini pia alimwachia majina ya Yoabu na Shimei, na utawala wa kijana yule ukaanza kwa damu. Mpe mrithi nafasi ya kukutana na wakorofi wako akiwa hana kinyongo. Baadhi yao walikuwa wakorofi kwako tu.

Siku yenyewe

Kuhusu ibada ya makabidhiano sina mengi, kwa sababu kila kanisa lina liturujia au desturi yake. Musa alimsimamisha Yoshua mbele ya Eleazari kuhani na mbele ya mkutano wote, akaweka mikono juu yake, akampa maagizo. Ilitosha. Acha askofu au mwakilishi wa kanisa aongoze. Ukipewa nafasi ya kusema, shukuru, omba msamaha kwa uliowakosea bila kutoa maelezo ya kujitetea, mtaje mrithi kwa jina na uwaombe watu wamtii Kristo pamoja naye. Historia ya ulivyoanza na washirika wachache isimuliwe na wengine, siku nyingine. Zawadi za kuaga zisizidi kiasi ambacho usharika unaweza kukibeba; si haki mchungaji mpya aanze kazi katika hazina iliyokaushwa na sherehe ya mtangulizi wake.

Baada ya kuondoka

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapojikwaa baada ya kuwa wamefanya mema yote yaliyotangulia.

Umbali husaidia. Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wa Kanisa la Kilutheri Bukoba tangu 1961, alimpisha Josiah Kibira mwaka 1964 na kurudi Uppsala kwenye kazi yake ya ualimu wa chuo kikuu. Kibira aliongoza miaka 20 bila mtangulizi wake kukaa mtaa wa pili. Wengi wetu hatuna Uppsala ya kwenda. Tunastaafu palepale tulipotumika, na wengine nyumba yao inatazamana na uwanja wa kanisa. Kwa hiyo umbali inabidi uutengeneze mwenyewe. Kwa mwaka wa kwanza wewe na mwenzi wako mwabudu katika usharika mwingine wa jirani, mkiwaeleza watu mapema kwamba mmeamua hivyo kwa upendo, ili pasizuke maneno kwamba mmesusa. Hili limhusu pia mama mchungaji, ambaye mara nyingi aliongoza umoja wa wanawake kwa miaka yote ile na anapaswa kukabidhi na kupisha kwa taratibu zilezile.

Simu itaita. Mama ambaye ulimbatizia watoto wote atakupigia saa nane usiku kwamba mumewe amefariki. Mpe pole, omba naye papo hapo kwenye simu, kisha mwulize kama amekwisha kumjulisha mchungaji. Kama hajamjulisha, mwambie utamjulisha wewe sasa hivi, na ufanye hivyo kabla hujalala. Nenda msibani kama jirani na rafiki, keti jamvini na waombolezaji, usivae joho. Wakikuomba uongoze maziko, jibu liwe kwamba hilo ni la mchungaji wao. Na ikiwa mchungaji mwenyewe atakuomba usome somo au uombe, fanya hilo uliloombwa na usiongeze. Uchungu wa kukataa ni mkubwa, hasa pale familia inapolia na kusema kwamba marehemu alikutaka wewe. Lakini maziko ndiyo mahali ambapo mchungaji mpya anageuka kuwa mchungaji wao, na ukimnyang'anya hayo unamwachia ofisi bila watu.

Wapo watakaokuja kulalamika. Atakuja mzee mliyeheshimiana, ataketi, atakunywa chai, kisha atasema kwamba siku hizi ibada imekuwa fupi, au kwamba kwaya ya wazee imeondolewa nafasi yake, au kwamba "enzi zako haya hayakuwapo." Usikubali wala usitikise kichwa kwa huzuni, kwa kuwa kichwa hicho kitanukuliwa katika kikao kijacho. Mwulize: umemwambia mwenyewe? Kama hajamwambia, mtume huko na ubadilishe mazungumzo. Yoshua alipomtaka Musa awakataze Eldadi na Medadi waliokuwa wakitoa unabii kambini, Musa alimwuliza kama ameona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Watu wanaokupenda wataona wivu kwa niaba yako, na ni wewe peke yako unayeweza kuuzima.

Benedikto XVI, papa aliyeng'atuka, alipoagana na makardinali tarehe 28 Februari 2013, aliahidi heshima na utii usio na masharti kwa papa ajaye, kabla hata hajajulikana ni nani. Aliishi miaka karibu 10 baada ya hapo, ndani ya kuta zilezile za Vatikano, na hata yeye hakuepuka kutumiwa: mwanzoni mwa 2020 jina lake lilipotokea kama mwandishi mwenza wa kitabu kuhusu useja wa mapadre, wakati ambapo papa alikuwa akitafakari swali hilohilo, kulizuka mvutano mkubwa na ikabidi aombe jina lake liondolewe. Kama yametokea kwa mtu mkimya na mwangalifu kiasi kile, basi mstaafu yeyote na ajue kwamba jina lake ni silaha ambayo wengine watataka kuishika. Usiandike waraka, usirekodi ujumbe wa sauti, usitoe maoni kuhusu maamuzi ya usharika uliouacha, hata yale unayoyaunga mkono.

Mrithi atabadilisha vitu ulivyovipenda. Atahamisha mimbari, atafuta ibada ya Jumatano uliyoianzisha kwa machozi, atapaka rangi nyingine. Katika mambo ya namna hii huna neno. Ni tofauti kabisa pale ambapo kuna dhambi ya wazi, wizi wa fedha au mafundisho yanayomkana Kristo. Hapo unyenyekevu hautaki ukimya, bali njia halali: mwendee yeye kwanza, kisha askofu au chombo kilichopewa mamlaka ya kumsimamia, kwa maandishi na kwa ushahidi, bila kupitia sebule za washirika. Jipime kwa ukali kabla ya kuanza safari hiyo, kwa maana ni rahisi sana kuliita badiliko la rangi uzushi.

Kinachobaki mikononi mwako ni maombi na upatikanaji. Samweli, alipokwisha kumpisha mfalme, aliwaambia watu kwamba kuacha kuwaombea kungekuwa dhambi mbele za Bwana. Mwombee mrithi wako kwa jina kila siku, na umwombee afanikiwe pale uliposhindwa wewe. Yohana Mbatizaji aliposema, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua," alikuwa amekwisha kuwaona wanafunzi wake wakihamia kwa mwingine, na alisema kwamba furaha yake imetimia. Mrithi akija kuuliza ushauri, mpe ushauri mmoja, mwachie uamuzi, na usimwulize baadaye kama aliufuata. Asipokuja, usimwite. Na siku atakapokualika kuhubiri, labda mwaka wa pili au wa tatu, fika mapema, keti pale wahudumu watakapokuonyesha, muulize umepewa dakika ngapi, hubiri Neno lililosomwa siku hiyo, na ushuke mimbarini kabla dakika hizo hazijaisha.